Mji wa Zanzibar katika Picha za Kale

Picha za kwanza kupigwa Unguja hazikuwa za majumba bali za watu. Kati ya mwaka 1846 na 1848 nahodha Mfaransa Charles Guillain alizunguka pwani ya Afrika Mashariki akiwa na manowari Ducouëdic, na katika safari hiyo nyuso kadhaa za wakazi wa pwani zilinaswa kwa daguerreotype, yaani picha inayotokea juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Bamba la namna hiyo halitoi nakala. Ili picha ziingie kitabuni, wachoraji wa Ufaransa walilazimika kuzichora upya juu ya mawe ya kuchapia, na ndiyo maana watu wa Zanzibar ya Sultani Seyyid Said wanatufikia wakiwa nusu picha, nusu michoro.

Picha za mji wenyewe zilikuja baadaye. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, alifika Unguja mwaka 1866 na baadaye akawa konseli mkuu wa Uingereza. Alikwisha kupiga picha katika safari ya David Livingstone ya mto Zambezi, na Unguja aliendelea na kazi hiyo. Picha zake, ambazo sasa zimo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za mji huu. Kazi ilikuwa nzito siku hizo. Mpiga picha alipaka kioo dawa, akakitia ndani ya kamera kikiwa bado kibichi, kisha akakisafisha gizani kabla hakijakauka, jambo lililokuwa mbio hasa katika joto la kisiwa. Kioo kilihitaji mwanga kwa sekunde kadhaa. Aliyesimama tuli alionekana; aliyepita na mzigo kichwani aliacha ukungu tu au hakuacha kitu. Anayetazama picha za miaka hiyo asidhani kwamba njia za mji zilikuwa tupu. Wachukuzi, wauza maji, watumwa waliotumwa sokoni na watoto waliokuwa wakicheza walikuwepo mbele ya kamera, lakini mwendo wao uliwafuta.

Kuanzia miaka ya 1880 vioo vikavu vya kiwandani vilirahisisha mambo, na kazi ya picha ikahamia mikononi mwa Wagoa waliofungua studio mjini. Majina ya A. C. Gomes, ndugu wa Coutinho na ndugu wa Pereira de Lord yanarudi tena na tena chini ya picha za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kampuni ya Gomes ilifanya kazi hadi Dar es Salaam. Wateja wao wakubwa walikuwa wa aina mbili: wenye uwezo waliotaka picha zao wenyewe, na abiria wa meli waliotaka kumbukumbu ya bandari. Wateja wa aina ya pili ndio walioamua, bila kujua, ni mji upi tutakaouona leo. Abiria alikuwa na saa chache nchi kavu. Alinunua kile alichokiona kutoka melini, na studio zikapiga kile kilichonunuliwa.

Kwa hiyo hakuna sehemu ya Zanzibar iliyopigwa picha kama ufuo wa mbele, kuanzia Ngome Kongwe hadi majumba ya Sultani. Katika picha za kati ya mwaka 1883 na 1896 majumba hayo ni matatu. Beit al-Sahel, jumba jeupe lisilo na mapambo mengi, ndilo kongwe kuliko yote, kutoka enzi za Seyyid Said. Salme binti Said, aliyekimbilia Ulaya mwaka 1866 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, aliyaeleza maisha ya humo. Kando yake ilikuwapo Beit al-Hukm, makazi ya wanawake wa ukoo wa kifalme. La tatu, Beit al-Ajaib, lilijengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na baraza zake. Nguzo zake za chuma zilizoletwa kutoka Ulaya zilibeba roshani pana zilizozunguka jengo zima. Majumba haya yaliunganishwa kwa njia za juu zilizofunikwa, mfano wa wikio za Lamu zikiwa zimekuzwa, ili mabibi wa jumba wapite toka jengo hadi jengo bila kuonekana na watu wa chini. Picha zinaonesha njia hizo vizuri kwa nje. Waliopita ndani yake hazikuwaonesha kamwe, na picha mashuhuri ya Salme akiwa amevaa mavazi ya kwao ilipigwa Hamburg, si Unguja.

Mbele ya Beit al-Ajaib, karibu na maji, ulisimama mnara mrefu uliokuwa na taa ya kuongoza meli pamoja na saa. Mnara huo ni alama yenye faida kubwa kwa mtu anayejaribu kujua umri wa picha. Ukionekana umesimama mzima peke yake, huku Beit al-Ajaib ikiwa na uso ulionyooka usio na mnara, picha ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896.

Siku mbili kabla ya tarehe hiyo Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani kujitawaza bila ridhaa ya Waingereza. Alipewa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera na kutoka. Alikataa. Manowari za Admeri Harry Rawson zilianza kufyatua mizinga dakika chache baada ya saa tatu, na kabla ya saa nne kila kitu kilikuwa kimekwisha. Wapiganaji na watumishi wa Khalid wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza baharia mmoja alijeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani na kutoka huko akapelekwa Dar es Salaam. Hamoud bin Muhammed akatawazwa kuwa Sultani siku ileile.

Wapiga picha walifika wakati moshi ukiwa bado unafuka, na picha zao ndizo ushahidi kamili zaidi tulio nao wa jinsi majumba yale yalivyojengwa. Hilo ni jambo la kusikitisha, lakini ni kweli: jumba zima huficha mifupa yake, na lililovunjika huionesha. Katika picha za magofu ya Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, ukuta uliopasuka unaonesha mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti za mkoko zilizokuwa zikibeba dari zinaning'inia. Boriti hizo ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya mji mzima, kwa kuwa mti wa mkoko hauzidi urefu fulani. Chumba cha jumba la mfalme na chumba cha mfanyabiashara wa Shangani vilikuwa na upana unaokaribiana, tofauti ikiwa katika urefu wa chumba, idadi ya ghorofa na mapambo. Mnara wa taa unaonekana umetobolewa matundu makubwa, ukiwa bado umesimama kwa shida. Beit al-Ajaib, lililokuwa jirani na hayo yote, halikudhurika sana.

Baada ya hapo ufuo ulibadilika sura. Beit al-Hukm haikujengwa tena na uwanja wake ukawa bustani. Mahali pa Beit al-Sahel pakajengwa jumba jingine dogo kuliko la kwanza, ambalo baada ya Mapinduzi ya 1964 liliitwa Jumba la Wananchi na sasa ni makumbusho. Mnara uliotobolewa ulibomolewa, na mwaka 1897 Beit al-Ajaib likapewa mnara wake wa saa katikati ya uso wake. Huo ndio uso ambao wengi waliujua kwa zaidi ya karne, na wengi hudhani ndivyo Barghash alivyolijenga. Picha za kabla ya 1896 zinasahihisha dhana hiyo. Lililoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati ukiendelea, na kuua wafanyakazi wawili, lilikuwa kwa sehemu jengo la Barghash na kwa sehemu jengo la baada ya mizinga. Anayetaka kulirejesha hana budi kuamua analirejesha la mwaka gani.

Alama nyingine ya tarehe iko majini. Meli Glasgow, ambayo Barghash aliiagiza Uingereza na kuifanya ya kifahari, ndiyo pekee iliyowajibu Waingereza kwa mizinga siku ile, nayo ikazamishwa bandarini. Maji hayakuwa na kina cha kuimeza yote. Milingoti yake mitatu ilibaki imechomoza mbele ya mji kwa miaka mingi, mpaka mabaki yalipoondolewa mwaka 1912. Picha yoyote ya bandari yenye milingoti inayoota kutoka majini, bila chombo chini yake, ni ya ndani ya miaka hiyo 16. Kwa picha za baadaye, Forodhani husaidia. Mahali palipo bustani leo palikuwa na mabanda ya forodha na gati ya mizigo, ambayo yaliondoka baada ya bandari mpya kujengwa Malindi katika miaka ya 1920. Bustani yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawazwa mwaka 1911, hivyo picha yenye nyasi na miti mbele ya Ngome haiwezi kuwa ya kabla ya katikati ya miaka ya 1930.

Alama kama hizi zinahitajika kwa sababu maandishi ya kwenye picha mara nyingi hupotosha. Studio ilitunza vioo vyake na kuendelea kuviuza kwa miongo, hivyo muhuri wa posta nyuma ya postikadi huonesha siku kadi ilipotumwa tu. Rangi nazo si ushahidi. Postikadi nyingi za miaka ya 1900 hadi 1914 zilipelekwa kuchapwa Ulaya, na aliyezipaka rangi hakuwahi kuuona mji. Ukuta wa chokaa nyeupe ukapakwa waridi, na kanzu zikapewa rangi alizozipenda yeye. Mara nyingine kioo kilichapwa kwa upande wa nyuma, na ufuo mzima ukageuka kama kwenye kioo cha kujitazamia. Kosa hili hugunduliwa kwa urahisi. Anayeutazama mji kutoka baharini lazima aione Ngome Kongwe upande wa kulia wa Beit al-Ajaib na jumba la Sultani upande wa kushoto. Ikiwa ni kinyume, picha imegeuzwa, hata kama imechapwa kwenye kitabu kizuri.

Nyuma ya mji picha zinapungua ghafla, na huko ndiko lilikotoweka jambo kubwa kuliko jumba lolote. Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa. Hori la bahari liliingia kutoka upande wa kaskazini, karibu na Funguni, likapita nyuma ya nyumba za mawe hadi kuelekea Mnazi Mmoja, likiacha shingo nyembamba ya mchanga tu kusini. Maji yalipojaa, mashua zilielea mahali ambapo leo pana barabara na maduka. Yalipokupwa, palibaki tope, harufu na watu waliovuka kwa miguu. Daraja la Darajani lilikuwa kivuko kikuu kati ya pande mbili. Picha chache zilizopo zinaonesha safu ya nyumba ndefu za mawe zikijitazama majini, na ng'ambo yake mapaa ya makuti chini ya minazi. Soko la Darajani lilipojengwa mwaka 1904 lilikuwa ukingoni mwa maji. Hori lilijazwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, kwa mchanga na kwa takataka za mji wenyewe, na juu yake ikapita barabara ya Creek Road, ambayo siku hizi ni barabara ya Benjamin Mkapa. Hakuna tukio moja lililovutia kamera, kama mizinga ya 1896 ilivyovutia. Hori lilikufa polepole mno, na kwa sababu hiyo kumbukumbu yake katika picha ni ya bahati: limeingia pembeni mwa picha ya soko, au nyuma ya picha iliyopigwa kutoka juu ya paa.

Reli ilipata bahati zaidi. Barghash ndiye aliyeanza: mwaka 1879 alitandika reli ya kwenda kwenye jumba lake la Chukwani, kusini mwa mji, mabehewa yakavutwa kwanza na nyumbu na baadaye na injini ndogo, na ikakoma na maisha yake mwaka 1888. Reli inayoonekana kwenye postikadi ni nyingine, ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kufunguliwa mwaka 1905. Ilianzia karibu na Ngome Kongwe, ikapita katikati ya mitaa ya mji na kuelekea kaskazini kwa maili saba hivi. Picha zinaonesha treni ikipita karibu mno na kuta za nyumba, moshi ukiingia kwenye roshani, wenye maduka wakiwa wamesimama milangoni. Watu waliipanda kwenda mashamba na kurudi, na mizigo ya matunda na karafuu ikaja nayo. Magari ya mafuta yaliifuta. Mwaka 1928 ilifungwa kabisa. Eneo la Ngome lililokuwa karakana yake sasa hutumika kwa maonesho, na hakuna alama ya reli atakayoiona mgeni asiyeambiwa.

Kaskazini mwa mji, kandokando ya njia ileile ya Bububu, yalisimama majumba mawili ambayo picha zake hazitoshi. Mtoni lilikuwa jumba la shamba la Seyyid Said, nako ndiko alikozaliwa Salme mwaka 1844. Maelezo yake ya uani, ya mabafu na ya umati wa watu waliokaa humo ni tajiri kuliko picha yoyote iliyobaki, na hapa kalamu imefanya kazi ambayo kamera ilichelewa kuifanya. Marhubi, lililokamilika mwaka 1882, lilijengwa na Barghash kwa ajili ya masuria wake, likiwa na nguzo nene za mawe zilizobeba roshani za mbao. Liliungua mwaka 1899. Mbao zilikwenda zote na nguzo zikabaki, na karibu kila picha ya Marhubi inayouzwa leo ni picha ya nguzo hizo tupu zilizosimama kama wageni waliosahaulika uwanjani. Jumba la Chukwani, upande wa kusini, nalo limebaki kwa sehemu tu.

Upungufu mkubwa kuliko wote uko Ng'ambo. Ng'ambo ya hori waliishi wachukuzi, mafundi, wavuvi, waliokuwa watumwa na wazao wao, wahamiaji kutoka bara na Wakomoro, na eneo lake lilikua hata likauzidi Mji Mkongwe. Hapo ndipo alipoishi Siti binti Saad, sauti ya kwanza ya taarab ya Kiswahili kusikika kwenye santuri, mwaka 1928. Hata hivyo studio za Shangani na Vuga hazikuwa na sababu ya kuvuka daraja. Nyumba za udongo na fito zilizoezekwa makuti zilihesabiwa kuwa mandhari tu, zikapigwa kwa pamoja na kupewa maelezo ya jumla, kijiji cha wenyeji, bila jina la mtaa wala la mwenye nyumba. Jumba la mawe lilipata jina; nyumba ya udongo haikupata. Nyumba hizo zenyewe hazikuwa za kudumu kama za mawe: udongo ulikandikwa upya, makuti yakabadilishwa baada ya miaka michache, na mtaa ukabaki uleule ingawa kila sehemu yake ilikuwa mpya. Kwa picha moja ya mwaka mmoja haiwezekani kuuelewa mji wa namna hiyo.

Kisha mengi yakaondoka kwa mara moja. Baada ya Mapinduzi, serikali ya Abeid Amani Karume, ikisaidiwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, iliamua kuipa Ng'ambo nyumba za kisasa. Maghorofa ya kwanza yalijengwa Kikwajuni na Kilimani, na kuanzia mwaka 1970 yakafuata majengo marefu ya Michenzani, yaliyopangwa kwenye barabara mbili pana zinazokutana kwenye mzunguko mmoja. Ili yajengwe, mamia ya nyumba za zamani zilibomolewa. Picha rasmi za wakati huo zinaonesha jengo linalopanda, mafundi na viongozi wakikagua. Kilichokuwapo chini ya msingi hakikuonekana kustahili filamu. Lengo la mradi lilikuwa la heshima, kwa kuwa ulitoa maji ya bomba, umeme na vyumba imara kwa watu ambao serikali za awali ziliwapuuza; lakini mtaa uliobomolewa ulistahili kupigwa picha kabla haujaondoka.

Pengo hilo halijazwi na postikadi bali na picha za nyumbani. Mwaka 1930 Ranchhod T. Oza, aliyeanza kazi kwa Gomes, alifungua Capital Art Studio, na kwa miongo iliyofuata studio kama hiyo ilikuwa mahali pa watu wa kila namna: maharusi, timu za mpira, vikundi vya taarab, watoto wa shule siku ya Idi. Picha za ndani ya studio hazisaidii sana, maana nyuma ya watu pana pazia. Za nje ndizo zenye thamani. Katika picha ya harusi iliyopigwa mlangoni mwa nyumba ya Ng'ambo huonekana baraza ya udongo, ukingo wa paa la makuti au mabati, dirisha la jirani na kona ya kichochoro. Aliyepiga alimlenga bibi harusi. Mtaa uliingia wenyewe.

Vyanzo vya picha hizi vimetawanyika. Nyaraka za Taifa za Zanzibar zilizopo Kilimani zina mkusanyo mkubwa pamoja na ramani na mafaili yanayosaidia kuzisoma. Chuo kikuu cha Northwestern, Marekani, kinatunza mkusanyo wa Winterton wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki, zikiwemo nyingi za Unguja. Nyingine zimo London, Ujerumani na Oman, na nyingine zimo kwenye albamu za familia zilizohamia Muscat, Mombasa, Dar es Salaam na Uingereza baada ya 1964. Sehemu kubwa ya picha hizo ina maelezo yaliyoandikwa na mgeni: jina la meli likiwa sahihi, jina la mtaa likiwa limekosewa, na majina ya watu yakiwa hayapo kabisa. Kuzisahihisha kunahitaji ramani kwa upande mmoja na wazee wa mtaa kwa upande mwingine, watu wanaoweza kuutazama ukuta uliobomoka na kusema ulikuwa wa msikiti upi, nyumba ya nani ilitazamana nao, na hori lilifika wapi maji yalipojaa.